Maisha ya Edsger Dijkstra, Aliyezifundisha Kompyuta Kupishana

Katika toleo hili nimeona vema niwasimulieni maisha ya mtu ambaye jina lake si rahisi kulitamka. Aliitwa Edsger Wybe Dijkstra, na wenyewe Waholanzi husema Deikstra. Ukiliandika jina hilo utaona herufi i, j na k zimefuatana kama zilivyo katika alfabeti, jambo linalowafurahisha sana walimu wa hesabu. Alifariki mwaka wa 2002, kabla wanafunzi wetu wa sasa hawajazaliwa. Hata hivyo kazi yake imo mfukoni mwa karibu kila mzazi atakayeusoma ukurasa huu, ndani ya simu yake.

Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei, 1930, huko Rotterdam, mji wa bandari katika nchi ya Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, baadaye akawa mkuu wa shule hiyo, tena aliwahi kuwa rais wa chama cha wanakemia wa nchi yake. Mama yake alikuwa msomi wa hisabati, ingawa hakupata kuajiriwa kwa elimu hiyo. Siku moja kijana alimwuliza mama kama trigonometria ni ngumu. Mama akamjibu kwamba azijue kanuni zake zote, na kwamba akiona jibu limepita mistari mitano, basi ajue amepotea njia. Maneno hayo aliyashika mpaka uzeeni, na wanafunzi wake waliyapata kwa ukali.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na siku tatu tu, ndege za Wajerumani zilipoupiga mji wa Rotterdam kwa mabomu tarehe 14 Mei, 1940, zikateketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Vita vilipokwisha alikuwa katika shule ya sekondari iitwayo Gymnasium Erasmianum, ambako vijana walifundishwa Kigiriki na Kilatini pamoja na hesabu na sayansi. Nia yake ilikuwa kusoma sheria, ili siku moja aiwakilishe nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Lakini mtihani wa mwisho alifaulu sayansi vizuri mno hata wazazi na walimu wakamshauri asiziache. Mwaka wa 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Leiden kusoma fizikia.

Mwaka wa 1951 baba yake aliona tangazo la mafunzo ya wiki tatu huko Cambridge, Uingereza, juu ya kutunga programu za kompyuta. Mwalimu alikuwa Maurice Wilkes, ambaye mashine yake EDSAC ilianza kufanya kazi mwaka wa 1949. Kijana akaenda, na aliporudi alikuwa na ujuzi ambao watu wachache sana duniani walikuwa nao. Mwezi wa Machi 1952 akaajiriwa na kituo cha hisabati cha Amsterdam, huku akiendelea na fizikia kule Leiden. Mashine za kituo kile zilijengwa na mafundi wawili hodari, Bram Loopstra na Carel Scholten, naye Dijkstra akawa mtungaji wa programu zao. Mara nyingi alitunga programu za mashine ambayo haijamalizwa kujengwa. Aliandika kwenye karatasi, akaipima kwa akili, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuipimia. Mazoea hayo yalimfaa baadaye, kama mtakavyoona.

Baada ya miaka mitatu hivi akaona hawezi kutumikia mabwana wawili. Fizikia ilikuwa elimu yenye heshima na vitabu. Kutunga programu kulikuwa na nini? Akamwendea mkubwa wake, Adriaan van Wijngaarden, akamweleza shaka yake. Mzee akakubali kwamba kazi ile bado haina elimu iliyosimama, lakini akasema kompyuta hazitaondoka tena duniani, na kwa nini Dijkstra asiwe mmoja wa watakaoijenga elimu hiyo? Dijkstra akatoka chumbani kwa mzee yule akiwa mtu mwingine. Hata hivyo, alipofunga ndoa na Bibi Ria Debets mwaka wa 1957, maofisa wa mji wa Amsterdam walikataa kuandika katika cheti kwamba kazi ya bwana arusi ni kutunga programu. Walisema hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi iandikwe kwamba ni mwanafizikia.

Watu wengi wakilisikia jina lake hukumbuka njia fupi. Mwaka wa 1956 alikuwa mjini Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kwa kununua vitu madukani, wakaketi nje ya mkahawa kunywa kahawa. Pale pale, kwa muda wa dakika kama ishirini, bila kalamu wala karatasi, akapata namna ya kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Aliichapisha mwaka wa 1959, na hadi leo ramani za simu zinazomwongoza dereva kutoka Mikocheni hadi Mbagala hutumia hesabu za ukoo huo. Lakini mimi sitaki kukaa sana hapo. Jambo kubwa zaidi alilolifanya halionekani kwenye kioo cha simu, nalo lilianza kwa hofu.

Kompyuta za siku zile zilifuata amri moja baada ya nyingine. Zikitaka kuandika herufi kwa taipu, zilisimama zikingoja taipu imalize, ingawa taipu ni nzito kama kobe. Loopstra na Scholten, walipokuwa wakiisanifu mashine mpya iliyoitwa X1, wakapendekeza kwamba kompyuta iendelee na hesabu zake, na taipu ikiwa tayari ikatize kazi ile kwa ishara, kama mtu anayegongwa begani. Ni jambo la akili sana, tena lenye faida. Dijkstra alipolisikia, alishikwa na woga. Aliona kwamba ishara ile inaweza kuja kati ya amri yoyote na nyingine. Leo itakuja baada ya amri ya kumi, kesho baada ya amri ya kumi na moja. Programu ile ile, yenye hesabu zile zile, haitapita njia moja mara mbili. Kukiwa na kosa, litatokea mara moja katika mwezi, halafu ukilitafuta hulioni. Aliwakawiza wenzake muda mrefu kabla ya kukubali. Mwishowe akakubali, akaitunga programu ya kuzipokea ishara hizo, nayo ndiyo iliyompa shahada ya udaktari mwaka wa 1959.

Ili tuielewe hofu yake, tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme shule ina stoo ya madawati, na mlangoni kuna daftari moja la stoo. Daftari linasema yamebaki madawati 40. Kiranja wa kidato cha kwanza anafika, anasoma 40, anaingia kuchukua 5. Kabla hajaandika, kiranja wa kidato cha tatu naye anafika, naye anasoma 40, anachukua 10. Wa kwanza anatoka na kuandika 35. Wa pili anatoka, anafuta, anaandika 30. Madawati yaliyomo ni 25. Hakuna aliyeiba na hakuna asiyejua kutoa, ila daftari limekuwa la uongo, na mwalimu wa zamu atalaumu watu wasio na hatia. Mbaya zaidi ni pale viranja wote wawili wanapolichagua dawati namba 17 kwa wakati mmoja, kila mmoja akaliandikia darasa lake. Asubuhi wanafunzi wawili watagombania kiti kimoja.

Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Kumbukumbu ya mashine imegawanywa katika vipande vya ukubwa mmoja viitwavyo kurasa. Katika simu nyingi ukurasa mmoja una nafasi ya herufi 4,096, na simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ina kurasa zaidi ya milioni moja. Programu kuu ya mashine, yaani mfumo endeshi, ndiyo bwana stoo. Kila programu ikihitaji nafasi huja kuomba kurasa, na ikimaliza huzirudisha. Maombi hayo ni mengi sana kwa sekunde moja, na mengine huja kwa wakati mmoja. Bwana stoo akitoa ukurasa mmoja kwa wawili, picha ya mmoja itaandikwa juu ya hesabu za mwingine. Mzazi anayelipia umeme wa Luku kwa simu hapendi kusikia habari za namna hiyo.

Wakati Dijkstra alipokuwa bado Amsterdam, aliwapa wenzake fumbo. Kazi mbili zinatumia kumbukumbu moja. Kila moja haiwezi kufanya lolote ila kusoma neno moja au kuandika neno moja kwa wakati. Je, zinaweza kupatana ili zisiingie stoo pamoja, wala zisikwame zote mlangoni kwa kupeana heshima? Wengi walileta majibu, naye akayavunja yote kwa kuonyesha mfululizo mmoja mbaya wa matukio. Mwishowe mwenzake Theodorus Dekker akaleta jibu lililosimama. Dijkstra akalipanua lifae kazi nyingi kadiri upendavyo, akalichapisha mwezi wa Septemba 1965. Makala ile ni fupi ajabu, haijai hata kurasa mbili.

Mwaka huo huo wa 1965 Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha, hapa Dar es Salaam. Nataja hilo kwa sababu vijana wetu hudhani mambo haya yalikuwa ya mbali na zamani mno. Baadaye, mwaka wa 1974, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku kwa muda wa miaka mingi, na wengi waliokuwa na hamu ya elimu hiyo walibaki na hamu tu.

Turudi kwa Dijkstra. Jibu la Dekker lilikuwa sahihi, lakini lilimchosha. Kazi iliyozuiliwa mlangoni ilikuwa ikiuliza na kuuliza bila kupumzika, kama mtoto anayeuliza kila dakika kama pilau imeiva. Basi akabuni kitu akakiita semafo, kwa kuazima jina la mikono ya ishara iliyokuwa kando ya reli. Mnaijua reli yetu ya kati, ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka wa 1905 mpaka ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Penye njia moja ya reli, treni mbili haziwezi kuwa katika kipande kimoja, na ni ishara inayosema nani apite na nani angoje. Semafo ya Dijkstra ni namba tu iliyotunzwa na mfumo endeshi. Anayetaka kupita huipunguza kwa moja. Ikiwa ni sifuri, hulazwa usingizi, na mashine haimpotezei muda tena. Anayetoka huiongeza kwa moja, na kama kuna aliyelala, mmoja huamshwa. Vitendo hivyo viwili alivipa herufi P na V, kutoka maneno ya Kiholanzi ya kupita na kuachilia. Jambo kuu ni kwamba kila kitendo hufanyika chote kwa mara moja, pasipo mtu kuweza kuingia katikati yake. Ndiyo kusema daftari la stoo limefungiwa ndani, na ufunguo ni mmoja.

Alitahadharisha pia juu ya hatari ya pili. Mmoja ameshika ufunguo wa stoo anangoja daftari, mwingine ameshika daftari anangoja ufunguo. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na watangoja mpaka kiama. Wakazi wa Mikocheni hawahitaji kuelezwa sana. Wamekwisha kuona wakati wa masika magari mawili yamekutana uso kwa uso katika kichochoro, maji yamejaa pande zote mbili, nyuma ya kila gari kuna bajaji tatu, na hakuna awezaye kurudi.

Mwaka wa 1962 alikuwa amehamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati katika chuo cha ufundi cha huko. Huko akakusanya vijana watano, na wote sita, kila mmoja akitoa karibu nusu ya muda wake wa kazi, wakaijenga programu kuu ya mashine iitwayo X8. Waliipa jina THE, ambazo ni herufi za mwanzo za jina la chuo chao. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 32,000 na kitu, ambayo kwa hesabu ya leo haitoshi kuweka picha moja nzuri ya simu. Penye upungufu huo walikuwa na silinda kubwa ya sumaku inayozunguka, yenye nafasi ya maneno mara kumi na sita zaidi, lakini nzito. Mzunguko wake mmoja ulichukua sehemu 40 katika elfu za sekunde, na ndani ya muda huo mashine ingeweza kusoma kumbukumbu yake mara 16,000.

Hapo ndipo ugawaji wa kurasa ulipokuwa shughuli ya kufa na kupona. Dijkstra na vijana wake walitenganisha habari na mahali inapolala. Kila fungu la habari lilikuwa na jina lake la kudumu, na bwana stoo peke yake ndiye aliyejua kama kwa sasa limo katika ukurasa wa kumbukumbu au wa silinda, na ni ukurasa upi. Kwa hiyo fungu likiondolewa kwenye kumbukumbu kupisha lingine, halikulazimika kurudi pale lilipotoka. Lilitupwa katika ukurasa wowote mtupu utakaopita mapema mbele ya kichwa cha kuandikia, ili mtu asingoje silinda izunguke bure. Kazi zote zilipatana kwa semafo.

Tena waliijenga kwa ghorofa. Ya chini kabisa iligawa zamu za kazi, ya pili yake iligawa kurasa, na juu yake zikafuata nyingine. Hawakupandisha ghorofa mpaka ile ya chini imepimwa na kuonekana imara. Walipoijaribu mashine, hawakukuta hata kosa moja la wakati, lile la namna aliyoliogopa tangu siku za X1. Waliyoyakuta yalikuwa makosa madogo ya uandishi, kama moja katika kila amri 500, na kila moja lilipatikana kwa dakika kumi. Habari hizi zilichapishwa mwaka wa 1968. Yeye alidai kwamba siri haikuwa katika kupima. Programu za kupishana zina njia nyingi mno, hata ukipima mwaka mzima hujafika popote. Ni lazima uthibitishe kwa hoja, kama mnavyothibitisha katika jiometria, kwamba katika mfuatano wowote madawati hayatapotea.

Baada ya kazi hiyo kundi lake likavunjwa, na wakuu wa chuo hawakuona thamani yake. Akaingia katika huzuni nzito iliyomwelemea muda mrefu. Alijitibu kwa kuandika, na kile alichokiandika juu ya kutunga programu kwa mpango kikawa maarufu kuliko vyote vilivyotangulia. Mwaka wa 1972 akapewa tuzo ya Turing, ambayo katika elimu ya kompyuta hakuna iliyo juu yake. Mwaka uliofuata akaingia katika kampuni ya Burroughs ya Marekani kama mtafiti, akifanya kazi nyumbani kwake katika kijiji cha Nuenen.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwangu kinapita vyote. Katika miaka ya 1970 Dijkstra, pamoja na Scholten, Leslie Lamport na wengine wawili, walichukua swali hili. Kurasa au vipande vya kumbukumbu visivyotumika tena vinaweza kukusanywa na kurudishwa stoo wakati programu yenyewe inaendelea kufanya kazi? Turudie madawati. Kila darasa lina orodha ya namba za madawati yake. Mkaguzi anapita darasa hadi darasa akisoma orodha, na kila dawati lililotajwa analitia alama ya chaki. Mwisho wa mzunguko, lisilo na chaki ni mali isiyo na mwenyewe, hurudishwa stoo, chaki zote hufutwa, na mzunguko mpya huanza. Shida ni kwamba wakati anapita, kiranja naye anahamisha. Anaandika namba katika orodha ya darasa lililokwisha kukaguliwa, kisha anaifuta katika orodha ya darasa ambalo bado. Mkaguzi hataiona kokote, na dawati zuri la mtu litachukuliwa. Basi sheria ikawekwa kwamba kiranja anapohamisha, yeye mwenyewe alitie dawati chaki.

Vitendo ni viwili, kuandika na kutia chaki. Kipi kitangulie? Karibu kila mtu atasema chaki kwanza, kwa usalama. Nimewauliza wanafunzi wa kidato cha nne, wote wamesema hivyo. Dijkstra na wenzake nao walisema hivyo, wakaandika na uthibitisho wake, wakawa tayari kuuchapisha. Ndipo wasomaji wawili, Woodger na Stenning, wakaleta mfano unaouvunja. Kiranja anatia chaki, kisha anasita kidogo. Katika kusita huko mkaguzi anamaliza mzunguko, anafuta chaki zote, anaanza upya na kulipita darasa jipya ambalo namba bado haijaandikwa. Sasa kiranja anazinduka, anaiandika namba, anaifuta kule ilikokuwa. Mkaguzi anafika kule, haioni. Dawati limepotea, na kila mtu amefuata sheria.

Wakageuza. Kwanza andika namba katika orodha mpya, ndipo utie chaki, na mwisho kabisa ufute ile ya zamani. Kwa mpangilio huo dawati halipotei hata mkaguzi azunguke wakati gani. Msomaji asiyeamini na achukue kalamu ajaribu. Makala ikachapishwa mwaka wa 1978, na ndani yake waandishi walikiri waziwazi kwamba waliteleza. Mtu aliyekuwa akiwakaripia wengine kwa kutothibitisha, aliteleza akiwa na uthibitisho mkononi, naye hakulificha jambo hilo.

Leo tatu la mpangilio limezidi. Simu ya kawaida haina prosesa moja tena; ina kama nane ndani ya kipande kimoja, na zote zinashirikiana stoo moja. Ili ziende mbio, kila moja huandika kwanza kwenye karatasi iliyo mfukoni mwake, halafu karatasi hupelekwa kwenye daftari baadaye kidogo. Majibu ya mwaka wa 1965 yalidhani kwamba neno likiandikwa, wote huliona papo hapo. Chukua viranja wawili. Kila mmoja anaandika mfukoni kwamba yumo ndani, kisha anatazama daftari, haoni jina la mwenzake, anaingia. Wameingia wote, ingawa kila mmoja amefuata kanuni ya Dekker neno kwa neno. Kwa hiyo watengenezaji wa mifumo endeshi ya sasa, kama Linux iliyo ndani ya simu za Android, hutia mahali fulani amri ya kizuizi, yenye maana kwamba usisogee mpaka karatasi za mfukoni zimefika daftarini. Zikiwekwa nyingi mno simu huwa nzito, na ikisahauliwa moja tu, kurasa zitagawiwa kwa wawili siku moja ambayo hakuna aijuaye. Linux hupunguza pia foleni ya mlangoni kwa kumpa kila prosesa akiba ndogo ya kurasa zake mwenyewe, asiende stoo kuu ila akiba ikiisha.

Mwaka wa 1984 Dijkstra alihamia Marekani, kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka wa 1999. Alifundisha kwa chaki na ubao, bila kushika karatasi. Mitihani aliipenda iwe ya ana kwa ana, mwanafunzi na mwalimu wakizungumza kwa saa kadhaa, jambo ambalo nadhani vijana wetu watashukuru kwamba halijafika hapa. Kwa miaka mingi hakuwa na kompyuta nyumbani, na hata alipoipata aliitumia zaidi kwa barua. Ndevu alizifuga tangu mwaka wa 1960, alipokuwa na Jaap Zonneveld wakitunga mfasiri wa lugha ya ALGOL. Waliahidiana wasinyoe mpaka kazi iishe. Ilipokwisha Zonneveld alinyoa, mwenzake hakunyoa tena. Alipenda piano na muziki wa Mozart. Alikuwa mkali wa maneno, na wako waliomwogopa, hata waliomchukia.

Mawazo yake aliyaandika katika barua fupi, nyingi kwa kalamu ya wino na hati nzuri, kila moja na namba yake, akazituma kwa marafiki ambao nao walizinakili na kuwapa wengine. Aliugua saratani, akarudi Nuenen, akafa tarehe 6 Agosti, 2002, akiwa na umri wa miaka 72. Barua zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas. Ya mwisho, aliyoiandika mwezi wa Aprili mwaka huo, ina namba 1318.